Kopo la Dakika Kumi

Trelew, Julai. Upepo umeamka kabla yangu,
unatikisa mabati ya gereji
kama mdai anayejua nimo ndani.
Pijo 504 ya baba imesimama, boneti juu.
Nafungua kifuniko cha oili, naingiza kidole:
tope. Jeusi, zito, limeshikamana na chuma
kama ukoko wa sufuria
ambayo kila mtu nyumbani alimwachia mwenzake.

Kilomita laki nne na ushei.
Amevuka nayo uwanda hadi Esquel, sufi mgongoni,
theluji kwenye kioo, hita imekufa tangu siku nyingi,
na oili alibadilisha akikumbuka.
Akikumbuka.

Kaka yangu Ceferino, kwa simu kutoka Córdoba:
"Uza kwa kilo. Chuma ni chuma."
Eluned wa nyumba ya pili,
aliyetengeneza malori ya kiwanda cha nguo
mpaka kiwanda kilipofungwa,
aliligeuzageuza kopo, akasoma, akalirudisha.
"Humo ndani tope ndilo sili.
Likitoka, utajua gari lilikuwa linashikwa na nini."
Kisha akaniomba sukari, maana ndiyo iliyomleta.

Nimelimimina hata hivyo.
Oili kuukuu, injini ya moto, kama maandishi yanavyosema:
iache iungurume dakika kumi,
usikanyage mafuta, usiendeshe,
usizidishe.

Dakika ya kwanza, tapeti zinagonga, ti-ti-ti-ti,
cherehani ya mtu mwenye hasira.
Ya pili, vilevile.
Ya tatu, nanusa kitu kama rangi ya kucha.
Sina la kufanya na mikono yangu.

Baba naye walikuwa wakimsafisha,
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, saa nne kila kikao,
damu ikitoka kwa mrija huu, ikirudi kwa ule,
na mimi kwenye kiti cha plastiki
nikisoma paketi ya biskuti mpaka mstari wa mwisho:
unga wa ngano, sukari, chumvi.
Alirudi nyumbani mweupe, mwepesi, baridi.
"Wamenitoa hata vitu nilivyokuwa navihitaji," alisema,
akacheka, akalala na viatu.

Dakika ya saba, au ya nane (nimepoteza hesabu),
kugonga kumepungua.
Nasogeza sikio. Kumepungua kweli.
Nazima.

Boliti ya chini ilikataa, ikakataa, ikakubali ghafla,
na oili ikaniingia mkononi hadi kiwiko,
nyepesi kama kahawa ya hospitali,
ikibeba vipande, vichembe, masizi,
miaka yote ile kwenye beseni la kufulia.
Chujio jipya. Oili mpya, rangi ya chai isiyokolea.
Nikawasha. Taa nyekundu ya presha ikabaki imewaka.
Moja. Mbili. Tatu.
Nne, na moyo wangu ukiwa kwenye koo.
Ikazimika.

Hivyo ndivyo ilivyopaswa kusikika, nadhani.
Sikuwahi kuisikia hivyo.

Kesho yake, juu ya saruji, doa kama sarafu.
Keshokutwa, kama kisosi.
Sili ya nyuma, pale injini inapokutana na giaboksi,
pale pasipofikika bila kushusha nusu ya gari.
Eluned alichungulia kutoka kwenye ua.
Hakusema nilikwambia.
Alikwenda kwake, akarudi na boksi la friji
alilolikata na kulibapa,
akalisukuma chini kwa mguu. "Doa lisikuharibie sakafu."

Bado naliendesha. Mpaka Rawson, mpaka pwani na kurudi.
Kwenye kiti cha pembeni, mahali pake,
naweka galoni ya oili na kitambaa,
na kwenye kona huwa naishika isianguke.
Jumamosi nachomoa kijiti, napangusa, nachovya tena:
imeshuka upana wa ukucha.
Naongeza robo lita.
Upepo unataka kuning'oa boneti mkononi.
Nakumbuka, baba. Kila Jumamosi, hata ikinyesha.